Hakuna Aliyepiga Honi

Kaka yangu alipigwa mara mbili. Mara ya kwanza waliompiga walikuwa wezi. Mara ya pili walikuwa waendesha bodaboda kama yeye, na aliyewaambia wamtafute ni programu niliyoiandika mimi.

Ile ya kwanza ilianza na adabu. Abiria alimsimamisha Kiminini mchana, akaomba apelekwe ndani ndani huko kwenye mashamba, kisha akaomba helmeti kwa sababu, alisema, anaogopa vumbi. Kaka akavua yake akampa. Walipofika mahali ambapo mahindi yamefunga barabara pande zote, yule abiria akatoa kipande cha chuma cha kujengea na kumpiga nacho kisogoni, yeye akiwa amevaa helmeti ya kaka. Mwenzake alikuwa amelala kwenye mahindi akisubiri. Walimpiga mpaka mkono ukavunjika, wakachukua pikipiki, wakamwacha. Alitambaa hadi barabarani akivuta mabua.

Nilifua shati lake. Damu ilitoka, ikabaki alama ndogo kwenye kola, ndogo kiasi kwamba mtu mwingine asingeiona. Mimi niliiona. Nilisugua mpaka kola ikachanika. Hivyo ndivyo nilivyo. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikiandika mstari mmoja wa programu nausoma kwa sauti, halafu nausoma tena kuanzia mwisho. Kucha zangu nimezitafuna mpaka vidole vinauma nikigusa chumvi. Kompyuta sikuisomea popote. Nilijifunza kwenye simu ya kaka yenye kioo kilichopasuka, kisha kwenye laptopu kuukuu aliyoninunulia kwa jasho la hiyo hiyo pikipiki iliyoibwa. Kwa hiyo nilipoulizwa kama naweza kutengeneza kitu, jibu lilikuwa moja tu.

Aliyeniuliza ni mwenyekiti wa steji yao hapo Kitale. Alikuja na wenzake kumwona mgonjwa. Walijaa sebuleni, kila mmoja na helmeti gotini.

"Siste, wewe si unajua hizi vitu za simu?" mwenyekiti akasema. "Tutengenezee kitu. Pikipiki ikiibwa Kitale, mtu wa Misikhu ajue kabla mwizi hajafika. Tukimshika tunamaliza na yeye."

"Mnamaliza na yeye vipi?"

"Ah, siste! Tunampeleka polisi."

Sebule nzima ikacheka. Hata kaka, na mdomo wake uliovimba, alicheka. Nilikisikia kicheko hicho na nilikielewa. Nikakaa chini nikaanza kuandika.

Programu ya kwanza ilikuwa ya kijinga, ingawa niliisafisha kama sahani. Kila simu ya mwendesha bodaboda ilikuwa ikiuliza seva yangu, yaani ile kompyuta ya mbali inayotunza taarifa zote: kuna jambo? Hakuna. Baada ya muda mfupi tena: kuna jambo? Hakuna. Kutwa nzima. Kufika saa sita mchana simu zilikuwa zimekufa chaji na bando limeisha. Mmoja wao alikuja mpaka mlangoni kwangu akabamiza simu yake juu ya meza mpaka kikombe kikaruka.

"Madam, hii kitu yako inakula bando kama ng'ombe imeingia shamba ya mahindi! Wateja wananipigia, ati mteja hapatikani. Sasa nikupige wewe ama nipige simu?"

Alikuwa ameinua mkono. Sijui kama angenipiga. Nilijua tu kwamba alikuwa na haki ya kukasirika, na hilo liliniuma kuliko kofi.

Nikarudi kusoma. Ndipo nikajua kwamba simu haihitaji kuuliza. Seva ndiyo inayoanza. Kila simu ya aina hii, hata ikiwa imelala mfukoni, imeshika uzi mmoja ulio wazi kwenda kwenye mitambo ya kampuni kubwa iliyotengeneza mfumo wake, na programu zote zinatumia uzi huo huo. Seva yangu ikiwa na jambo jipya, haitumi jambo lenyewe. Inapitisha neno dogo kwenye uzi: kuna kitu, njoo. Simu inaamka, inakuja yenyewe, inalinganisha ilicho nacho na kilicho kwenye seva, inachukua inachokosa, inalala tena. Huko kulinganisha ndiko kunakoitwa kulandanisha. Na neno lile dogo unaweza kulipa uzito. Neno zito linavunja usingizi wa simu papo hapo. Neno jepesi linangoja simu iamke kwa shughuli zake. Na kama mtu amezima data, neno linakaa likimsubiri mpaka awashe.

Niliupenda utaratibu huo kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. Kimya chote, halafu mguso mmoja panapohitajika. Nilitamani dunia iwe hivyo.

Tukafanya mkutano steji, chini ya kibanda cha mabati. Tuliafikiana kwamba taarifa ya wizi iende kwa neno zito pamoja na king'ora, na king'ora hicho kisinyamaze mpaka mtu afungue simu na kusoma. Niliposema kwamba pikipiki ikipatikana nayo itangazwe, mwenyekiti akatikisa kichwa.

"Ikipatikana si imepatikana? Usitupigie kelele mara mbili. Watu wataanza kuizima hiyo kitu."

Wote wakakubali, na mimi nilikubali kuliko wote. Kupatikana nikakupa neno jepesi, bila sauti. Mstari mwekundu ungegeuka kijani, basi. Niliona ni safi.

Kitu ambacho sikukiandika mimi ni honi. Hawa watu wanabana bando. Kila steji ilikuwa na simu moja tu iliyoachwa wazi, data imewashwa kutwa, na wenzake wakimchangia mwenye simu. King'ora kikilia, mwenye simu anakandamiza honi ya pikipiki yake bila kuachilia. Wengine wanakusanyika, wanaangalia picha, wanaweka namba kichwani, wanaondoka na abiria wao, na wakifika steji inayofuata wanapiga honi nao. Wizi wa Kitale ulikuwa ukifika Myanga, upande wa pili wa Bungoma, kwa honi. Kwenye kioo changu niliona viduara vya kijani vya simu zilizopokea, kimoja kwa kila steji, nikadhani nawaona watu wote.

Mwizi wa kwanza alishikwa Kiminini muda mfupi baadaye. Waliniletea video. Walikuwa na furaha, walinunua soda.

"Angalia kazi yako, siste!"

Niliangalia. Mtu alikuwa chini, amejikunja, na mawe yalikuwa yakimwangukia bila haraka, kama watu wanaotupa takataka shimoni. Kiatu kimoja kilikuwa kimetoka. Soksi yake ilikuwa na tobo kwenye kidole gumba. Mmoja aliruka juu na kumtua kichwani kwa miguu yote miwili, na aliyeshika simu akapiga kelele za kushangilia. Nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika soda.

Niliporudi niliuliza, "Aliishi?"

"Polisi walimchukua," mwenyekiti akasema.

"Kilichobaki," mwingine akaongezea, na kicheko kile kikarudi.

Siku ile nilikaa mbele ya laptopu na kidole juu ya kitufe cha kuzima seva. Kaka alikuja akasimama nyuma yangu. Mkono wake ulikuwa bado kwenye plasta.

"Mwenye pikipiki amelia leo," akasema. "Mtu mzima na ndevu, amelia kama mtoto. Ningekuwa na hiyo kitu siku ile yangu, saa hii ningekuwa kazini."

"Umeona video?"

"Nimeona."

"Na?"

"Mimi nilikuwa nafikiria helmeti yangu tu. Ile mwizi alinipiga akiwa ameivaa."

Sikuzima.

Miezi ikapita, mkono ukapona, kaka akapata pikipiki nyingine ya mkopo. Halafu ikaibwa pikipiki ya rafiki yake wa steji, nje ya duka la dawa mjini Kitale. Huyu alijaribu kuishikilia, wakamkata panga kwenye kiganja mpaka mfupa ukaonekana. Nilituma neno zito. Honi zilianza nje ya dirisha langu na zikashuka kuelekea Webuye, nilizisikia zikififia. Wezi nao walizisikia. Waliogopa barabara, wakaitupa pikipiki kwenye miwa huko Myanga, na kesho yake asubuhi mwendesha bodaboda mmoja aliyekuwa akipeleka mtu sokoni akaiona.

Mwenye pikipiki hakuweza kwenda kuichukua. Kiganja kilichoshonwa hakishiki klachi. Kaka akasema, "Mimi nitaleta." Akapanda gari mpaka Bungoma, akapita polisi, wakamwandikia karatasi ya kumruhusu, akaenda Myanga. Ilikuwa karibu saa nane mchana aliponipigia simu.

"Siste yangu, nimeipata. Imejaa miwa kwa spoki, lakini inanguruma kama simba. Toa hiyo taarifa ya kupatikana, nisije nikapigwa bure!"

Alisema hivyo akicheka. Nilicheka pia.

Nikatuma. Neno jepesi, bila sauti, kama tulivyokubaliana. Viduara vikaanza kugeuka kijani: Myanga, Bungoma, Webuye, Misikhu, Kiminini, Kitale. Vyote. Niliviangalia mpaka cha mwisho kikageuka, nikainuka nikaenda kupika chai, na nakumbuka nilijisikia vizuri kiasi kwamba nilizima jiko na sikurudi kuhakikisha.

Lile duara la Misikhu lilikuwa simu moja. Siku ile ilikuwa siku ya soko, na mwenye simu alikuwa amepakia magunia ya mfanyabiashara akayapeleka Webuye. Simu ilipokea ikiwa mfukoni mwake, barabarani, kimya. Wenzake waliobaki Misikhu walikuwa na namba kichwani tangu honi za jana. Habari ya jana ilikuwa imewafikia wote kwa honi. Habari ya leo hakuna aliyeipigia.

Yaliyofuata nimeyakusanya kwa kaka na kwa waliompiga, na hayapingani.

Kaka alisimama Misikhu kuweka mafuta. Alikuwa hajazima hata injini pale mtu aliyekuwa akila muhogo wa kuchoma alipoinama nyuma ya pikipiki.

"Hii namba si ndiyo ile ya jana?"

"Ndiyo yenyewe, bana!"

Wakamzunguka. Mmoja akachomoa ufunguo.

"Wewe umetoa hii nduthi wapi?"

"Ni ya mwenzetu wa Kitale," kaka akasema. "Nairudisha. Hata mimi ni wa boda. Angalieni kwa simu, taarifa ya kupatikana imeshatolewa."

"Ati mwenzetu! Siku hizi mwizi ako na wenzake!"

Wakacheka. Kofi la kwanza lilikuja ndani ya kicheko hicho. Kaka akatoa karatasi ya polisi.

"Kalatasi hata mwizi anaandikiwa," mmoja akasema, akaichana bila kuisoma. "Toa helmeti. Toa tuone sura yako."

Kaka anasema hapo ndipo alipojua. Wakishakuvua helmeti hawana mpango wa kuongea. Aliishikilia kwa mikono miwili, wakampiga vidole kwa spana mpaka akaachia. Mwanamke aliyekuwa akiuza vitunguu alianza kupiga mayowe kwamba mwizi wa pikipiki ameshikwa, na soko likahama likaja.

Kulikuwa na mmoja wao, kijana wa jaketi jekundu. Huyu alikuwa na programu yangu kwenye simu, ila data yake ilikuwa imezimwa tangu jana. Alitaka steji yao isifiwe. Kwa hiyo aliwasha data, akampiga kaka picha mwenzake akiwa amemshika kola, akabonyeza palipoandikwa *tumemshika*, akarudisha simu mfukoni, akaokota jiwe. Simu yake ilitanguliza picha yake kuja kwangu. Neno langu jepesi lilikuwa likimsubiri, na neno jepesi halina haraka.

Nilikuwa na kikombe mkononi kioo kilipowaka. *Misikhu: tumemshika.* Halafu ikafunguka picha, polepole, kutoka juu kwenda chini. Anga. Nywele. Paji la uso limepasuka. Halafu meno yenye damu, na chini yake shati la mistari ya buluu ambalo nilikuwa nimelipiga pasi mwenyewe asubuhi hiyo.

Nilimpigia kaka. Ikaita, ikaita, ikakatika. Nilimpigia mwenyekiti.

"Wapigie watu wa Misikhu! Wanamuua kaka! Wanamuua!"

"Yule wangu wa Misikhu hashiki, ako barabarani... Siste, ngoja..."

Sikungoja. Namba ya jaketi jekundu nilikuwa nayo, ilikuja pamoja na picha. Nilimpigia. Akakata. Nikapiga tena. Akakata. Baadaye aliniambia alidhani ni mteja.

Nilipiga meza kwa ngumi mpaka ngozi ikatoka. Nilikuwa na simu moja tu pale Misikhu yenye data wazi, na ilikuwa kwenye mfuko wa mtu anayempiga kaka yangu kwa jiwe. Simu ya mtu anaikata. Ujumbe wa kawaida anauacha. Kitu kimoja hawezi kukikata, kwa sababu nilikiandika kisikatike, nikikisoma mbele na nyuma: king'ora cha wizi.

Nikafungua ukurasa wa kutangaza wizi. Mahali pa picha ya pikipiki nikaweka picha ya kaka, ile aliyopiga na jaketi la steji siku ya kupewa mkopo. Mahali pa namba nikaandika kwamba pikipiki imepatikana. Mahali pa maelezo nikaandika: HUYU NI KAKA YANGU SI MWIZI ACHENI PIGENI HONI. Sikuweka alama hata moja. Sikusoma. Nilituma kwa neno zito kabisa, na sikuwa na muda wa kuchagua Misikhu peke yake, kwa hiyo likaenda kwa wote.

Honi za Kitale zilianza palepale nje ya dirisha langu, steji nzima, na kila mahali nilipowahi kuweka duara najua zililia. Mimi nilikuwa nikisikiliza moja tu ambayo nisingeweza kuisikia.

Misikhu walikuwa wameshammwagia petroli. Kaka anasema ilikuwa baridi, na ilipoingia kwenye majeraha akapiga kelele ambayo hakuitambua kuwa ni yake. Mtu alikuwa akivingirisha tairi kutoka kwa fundi. Mwingine alikuwa akiuliza nani ana kiberiti, nani ana kiberiti, kama anayeomba chumvi.

King'ora kikalia ndani ya jaketi jekundu.

Alifikiri kuna pikipiki nyingine imeibwa. Jiwe lilikuwa mkono wa kulia, akatoa simu kwa kushoto. Akaona ile sura ikiwa safi, inatabasamu, na jaketi la steji. Akaangalia chini, akaona sura ile ile.

"Wacheni!" akapiga kelele. "Si yeye! Wacheni!"

Hakuna aliyemsikia. Watu waliokuwa nyuma walikuwa wakisukuma ili nao wafike karibu. Alimvuta mmoja shati, akapigwa kiwiko puani. Ndipo, anasema, bila kufikiria, akaruka juu ya ile pikipiki iliyoletwa kutoka Myanga, akawasha kwa waya kwa sababu ufunguo haukuonekana, na akakandamiza honi bila kuachilia.

Na wale waendesha bodaboda wakageuka. Mikono ikiwa bado juu, mawe yakiwa bado mkononi, wakaanza kusogea kwake waone simu, kwa sababu honi ikilia ndivyo wanavyofanya. Miguu yao ilikuwa imezoea. Ikabaki nafasi kumzunguka kaka. Ni mmoja tu aliyeendelea kumpiga mateke ya mbavu, na jaketi jekundu alimfuata akampiga helmeti usoni mpaka akakaa chini.

"Soma!" akamwambia, damu ya pua ikimdondoka. "Soma, mjinga wewe! Ni mtu wetu!"

Mwenye kiberiti, nasikia, alikirudisha mfukoni polepole.

Mwenyekiti alinibeba mpaka hospitali ya Webuye. Kila steji tuliyopita walisimama wakatuangalia, na hakuna aliyetusalimia. Jaketi jekundu alikuwa ameketi sakafuni nje ya wodi. Ndiye aliyemleta kaka, amemlaza mapajani nyuma ya pikapu ya vitunguu, na mikono yake ilikuwa inanuka petroli.

"Siste," akasema, "ni wewe ulituma?"

"Ni mimi."

"Ulituma mbili. Ya jana na ya leo."

"Tatu," nikamwambia. "Moja haikupiga kelele."

Nikampiga. Sijawahi kupiga mtu tangu shule ya msingi. Nilimpiga kofi, halafu ngumi, kwenye ile pua iliyokuwa tayari imevunjika, na nikaendelea, na ninachotaka kusema kwa ukweli wote ni kwamba ilikuwa rahisi. Mkono ulikwenda wenyewe. Hakujikinga. Nilielewa kile kicheko cha sebuleni kwa mwili wangu mzima. Mwenyekiti alinishika kiuno akanivuta nyuma, na nilikuwa bado napiga hewa.

Kutoka ndani sauti ya kaka ikaja, nzito, kama ya mtu aliyejaza mdomo uji.

"Wacha huyo. Leo ndiye ataninunulia maziwa."

Kaka aliishi. Jicho la kushoto halioni, na sikio la upande huo halisikii. Taya ilifungwa waya kwa majuma mengi. Wakati huo waendesha bodaboda wa Misikhu walikuja nyumbani, wamevaa mashati ya kanisani, na jogoo, na unga, na sukari. Hakuna aliyetaka kukaa kiti cha mbele. Msemaji wao alianza kueleza jinsi walivyokosea, akakwama katikati.

Kaka alimwangalia jogoo kwa jicho lililobaki.

"Jogoo moja kwa jicho moja?" akasema kupitia waya. "Na sikio?"

Msemaji akasogeza unga na sukari mbele yake.

"Ongeza tetea, bana. Hii itakaa peke yake."

Mmoja akacheka, akashindwa kuacha, kicheko kikageuka kilio, akatoka nje.

Walipoondoka nilimwambia kaka kwamba nimeamua kuzima seva. Nilikuwa nimeshaandika tangazo la kuwaaga, nimelisahihisha mpaka halina kosa.

"Ukizima, watarudi kwa honi peke yake," akasema. "Honi haina picha. Angekuwa mtu mwingine siku ile, asiye na dada mwenye kompyuta, wangemchoma. Usizime. Wewe ifanye ipige kelele."

Kwa hiyo sasa kupatikana kunakwenda kwa neno zito sawasawa na wizi, na kuna king'ora chake. Kiduara hakigeuki tena kijani kwa sababu tu simu imepokea. Kinangoja mtu abonyeze kwamba amepiga honi, honi fupi fupi za kufuatana, ambazo waendesha bodaboda walizichagua wenyewe. Asipobonyeza, seva inamgusa tena, na tena, mpaka akasirike. Wamenitukana kwa hilo. Nimewaacha watukane. Video hawaniletei tena, na sijui kama ni kwa sababu zimeisha au ni kwa sababu wananionea huruma. Polisi ya Kiminini inasema inaletewa watu wanaotembea kwa miguu yao. Nataka kuamini.

Juzi nilikuwa nimekaa na kaka steji, saa za mchana. Haendeshi, anaosha pikipiki za wenzake na kuuza mafuta ya injini. Nilikuwa upande wake unaosikia. Kutoka kwenye laptopu nilikuwa nimetuma taarifa kwamba pikipiki iliyoibwa Bungoma imepatikana, na nilijua honi zinakuja. Sikumwonya. Nilitaka kuona kama kazi yangu imekamilika.

Honi ya kwanza ikalia nyuma yetu. Kaka aliangusha ndoo, akajikunja chini, mikono yote miwili juu ya kichwa, viwiko vimefunga uso. Maji ya sabuni yakatiririka mpaka kwenye viatu vyangu. Honi zikaendelea, fupi fupi, zikapokelewa ng'ambo ya barabara, zikaenda.

Niliinama kwenye sikio lake.

"Ni ile ya kupatikana."

"Najua," kaka akasema, na mikono yake ilikuwa bado kichwani.